Tunzeni Mashine za Utafiti Tulizo Nazo: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Sayansi Uganda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Ubunifu katika Ofisi ya Rais. Mheshimiwa Waziri wa Fedha. Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa jambo moja: pesa ya matunzo. Hatuombi jengo jipya. Tunaomba kila mashine ya utafiti inayonunuliwa kwa pesa ya umma, au inayopokelewa kama msaada, iingie nchini ikiwa tayari imetengewa fundi, vipuri, umeme usioyumba na bajeti ya miaka 10. Isiyokuwa na hivyo isipokelewe, hata kama ni ya bure.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na ndiyo lugha inayoweza kuwakutanisha mchungaji wa Moroto, fundi wa maabara na dereva wa lori la marumaru. Watu hao watatu wanahusika na barua hii, kama mtakavyoona.

Chukueni jino moja la sokwe wa kale kutoka Moroto, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi. Enameli yake, yaani gamba gumu la nje, ni madini kwa takriban asilimia 96, na madini hayo huitwa haidroksiapataiti, yaani kalisi na fosfati zilizojipanga kwa mpangilio maalumu. Madini ya jamii hiyohiyo yamo katika mfupa wa paja wa dereva wa boda boda aliyelazwa wodi ya mifupa. Hayohayo hupakwa juu ya baadhi ya vyuma vya nyonga bandia ili mfupa uote na kuvishika. Ukisaga kila kimoja kuwa unga na kukiweka kwenye mashine ya difrakisheni ya eksirei yenye tyubu ya shaba, ambayo hupiga unga kwa eksirei na kuchora grafu ya mpangilio wa madini, vilele vikuu vya grafu vinatokea palepale, karibu na pembe ya nyuzi 25.9 na 31.8. Anayechunguza mabadiliko ya binadamu, daktari wa mifupa na mhandisi wa vyuma wanasoma karatasi moja. Ndiyo maana tunaandika pamoja, na ndiyo maana mashine moja ikifa wanalala njaa watu wa fani tatu.

Nchi hii haikosi maswali makubwa wala majibu makubwa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa dripu za haraka kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Miongozo mingi ya tiba ilikuwa inasema mtoto wa namna hiyo amiminiwe maji kwa kasi. Waliomiminiwa walikufa takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa walikufa asilimia 7.3. Jibu hilo lilibadilisha mjadala wa tiba hiyo duniani, na lisingepatikana kwa kukaa kusubiri utafiti wa Ulaya, kwa sababu watoto wa Ulaya hawafiki hospitali na malaria kali na upungufu mkubwa wa damu kwa pamoja.

Huko Mbale, mrija wa silikoni wa kutoa maji kwenye ubongo wa mtoto mwenye kichwa maji, uliotengenezwa India kwa takriban dola 35, ulilinganishwa na mwingine wa zaidi ya dola 600. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti katika matokeo ya watoto. Hiyo ni sayansi ya vifaa iliyofanywa wodini, na faida yake inahesabika kwa kila mtoto.

Karamoja nako, tafiti zilizochapishwa mwaka 2023 zikiongozwa na Laura MacLatchy na Daniel Peppe zilionyesha kwamba sokwe wa Moroto, Morotopithecus, aliishi miaka milioni 21 iliyopita mahali penye miti iliyoachana na nyasi katikati, si kwenye msitu mnene kama ilivyodhaniwa. Ushahidi ulitoka kwenye kaboni iliyomo ndani ya udongo wa kale, mabaki ya mimea na enameli ya meno. Nyasi za savana zinazopenda jua, ziitwazo C4, zilionekana Afrika Mashariki miaka zaidi ya milioni 10 kabla ya ilivyoaminika.

Sasa tuseme kinachotukwamisha.

Makadirio yanayotumika mara nyingi ni kwamba mashine ya maabara hula takriban asilimia 10 ya bei yake kila mwaka kwa matunzo. Mashine ya dola 200,000 inahitaji kama dola 20,000 kwa mwaka. Katika miaka 10 umeilipia mara mbili. Bajeti zetu huona malipo ya kwanza tu. Waranti ya mwaka mmoja au miwili ikiisha, mashine hubaki kama mgeni asiye na mwenyeji. Huenda ikafanya kazi mwaka wa tatu. Mwaka wa nne kipuri cha dola 300 kinaizima, na kununua kipuri hicho kwa utaratibu wa zabuni kunachukua miezi.

Umeme ndio muuaji wa kwanza, na haui kwa kukatika tu. Huua zaidi unaporudi. Umeme ukirejea, volti hupanda ghafla na vifaa vyote vya jengo huwaka kwa pamoja. Kampresa ya jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri ikijaribu kuwaka wakati gesi yake bado ina shinikizo, au volti zikiwa chini, koili yake huungua. Tiba yake ni kifaa kidogo cha kuchelewesha kuwaka kwa dakika 5 na stabilaiza ya ukubwa unaofaa. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na jokofu, achilia mbali sampuli za miaka 15 zilizomo ndani. Lakini kwa kuwa hakimo kwenye orodha ya mtengenezaji, hakimo kwenye zabuni.

Jokofu hilo lina mambo mengine yasiyohitaji mtaalamu wa nje. Chujio la vumbi la kondensa, sehemu inayotoa joto nje, lisafishwe kila baada ya miezi 3, na msimu wa kiangazi kila mwezi. Likiziba, kampresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka ife. Barafu ya kwenye fremu ya mlango ikwanguliwe kabla mpira haujaacha kubana. Jokofu lisibanwe ukutani, na yasipangwe matano kwenye chumba kimoja kidogo, maana kila moja hutoa joto na kulipasha jingine. Jokofu lililojaa hushika baridi muda mrefu umeme ukikatika kuliko lililo nusu tupu, kwa hiyo nafasi tupu zijazwe maboksi ya barafu. Kwa sampuli nyingi nyuzi 70 chini ya sifuri zinatosha, na kupandisha kutoka 80 hadi 70 hupunguza matumizi ya umeme kwa robo hadi theluthi moja na kurefusha maisha ya kampresa. Hili la mwisho halina gharama hata ya shilingi. Linahitaji waraka mmoja tu kutoka kwenu.

Maji ni muuaji wa pili. Tyubu ya eksirei ya mashine ya difrakisheni hufanya kazi kwa kilovolti 40 na miliampia 40, yaani wati 1,600, na karibu zote zinageuka joto. Joto hilo huondolewa na maji yanayopita ndani kama lita 4 kwa dakika. Ukiunganisha maji ya bomba moja kwa moja, chokaa hujenga ukuta ndani ya njia nyembamba, maji hupungua, kidhibiti huzima mashine. Fundi asiyefundishwa akikiruka kidhibiti hicho ili kazi iendelee, tyubu inapasuka. Dawa ni chila, yaani mashine ya kupoza maji, ya mzunguko uliofungwa yenye maji yaliyochujwa madini, yanayobadilishwa kila miezi 6, na chujio linaloangaliwa kila wiki. Mashine ikija bila chila, jueni imekuja nusu.

Kwenye maabara za dawa muuaji ni chumvi. Kidonge cha kawaida cha malaria kinatakiwa kuwa na miligramu 20 za atemetha na 120 za lumefantrini. Kujua kama kweli zimo, dawa hupitishwa kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha vilivyomo na kuvipima, na kipimo kinachokubalika ni asilimia 90 hadi 110 ya kilichoandikwa kwenye boksi. Kimiminika kinachotumika mara nyingi huwa na chumvi za bafa, yaani za kudhibiti kiwango cha asidi. Mtu akifunga kazi saa 11 jioni na kuziacha chumvi ndani ya pampu, usiku hukauka na kuwa kokoto ndogo. Asubuhi pampu ikianza zinakwangua mpira na pistoni. Inatosha kusukuma maji yenye methanoli asilimia 10 kwa nusu saa kabla ya kuzima. Fundi anayelipwa mshahara wa kudumu hufanya hivyo kila siku. Mwanafunzi wa miezi mitatu hajui, wala si kosa lake.

Hapa ndipo penye uchungu wetu mkubwa. Tunaajiri mafundi wa maabara kwa mikataba ya miradi. Mradi ukiisha baada ya miaka 3, fundi aliyejua sauti ya pampu inapoanza kuugua anaondoka, na hakuna daftari analoacha. Profesa mpya hupatikana; fundi wa hadubini ya elektroni hapatikani. Tunaomba nafasi za kudumu za mafundi wa mashine, zenye ngazi ya kupanda cheo bila kulazimika kusoma shahada ya uzamivu, na mshahara usiowafanya wahamie viwandani. Kwa kila mashine kubwa wawe wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja atafiwa, ataugua, atakwenda likizo.

Kompyuta pia. Mashine nyingi za gharama kubwa huongozwa na kompyuta moja yenye programu ya zamani isiyokubali kuhamia kwenye kompyuta mpya. Diski ikifa, mashine nzima inageuka chuma. Kila zabuni iandike wazi kwamba muuzaji ataacha diski ya programu, leseni, nakala kamili ya diski kuu, michoro ya umeme na neno la siri la huduma. Bila neno hilo la siri, fundi wetu hawezi hata kufungua ukurasa wa kurekebisha mashine, na tunalipia tiketi ya ndege ya mtu kuja kubonyeza vitufe vitatu.

Tunajua mtauliza: kwa nini msipeleke tu sampuli nje? Tunapeleka, na nyingine zitaendelea kwenda. Kupima umri wa majivu ya volkano kwa mbinu ya agoni-agoni kunahitaji sampuli ipigwe nyutroni kwenye kinu cha nyuklia kwanza. Picha za ndani kabisa za jino, zinazoonyesha mistari ya ukuaji wa siku hadi siku, hupigwa kwenye sinkrotroni, mashine kubwa ya duara inayotoa eksirei kali mno, kama ile ya Grenoble, Ufaransa, yenye mzunguko wa mita 844. Afrika haina sinkrotroni hata moja. Ya karibu nasi iko Jordan, ilifunguliwa 2017. Hatudai mjenge hizo. Fuvu la Ugandapithecus, sokwe mwingine wa kale, lililopatikana mteremko wa Napak huko Karamoja mwaka 2011 lilipelekwa Paris kusafishwa na kupigwa picha, na kwa wakati ule ilikuwa njia ya busara.

Lakini kuna kazi ambazo haziwezi kupanda ndege. Mfano ulio mzito kuliko yote ni malaria sugu. Mwaka 2021 ilichapishwa habari kutoka Gulu: kati ya wagonjwa 240 waliopewa dawa ya malaria iitwayo atesuneti, 14 walikuwa na vimelea vilivyochukua zaidi ya saa 5 kupungua nusu, na 13 kati yao walibeba vimelea vyenye mabadiliko katika jeni iitwayo kelch13, yanayohusishwa na usugu. Vinasaba hivyo vingeweza kusomwa popote, hata baada ya mwaka. Kipimo cha kuthibitisha kwamba kimelea kweli kinastahimili dawa, kikifanywa kwa damu mbichi, hakingoji. Damu mbichi ya mgonjwa inachukuliwa, vimelea vichanga vinawekwa kwenye dihidroatemisinini, dawa ya jamii ya atesuneti, nanomola 700 kwa saa 6, vinaoshwa, kisha vinalelewa nyuzi 37 kwenye hewa yenye oksijeni kidogo mpaka saa 72, halafu mtu anakaa kwenye hadubini na kuhesabu vimelea vilivyosalia hai. Vilivyosalia vikizidi asilimia 1 ya vile vya kulinganishia visivyopewa dawa, hiyo ni dalili ya usugu. Umeme ukikatika saa ya 40 na inkubeta ikapoa, vimelea vyote vinadhoofika, vya kwenye dawa na vya kulinganishia, na kipimo hakina maana tena. Mgonjwa keshatibiwa, huwezi kumwambia arudishe damu ile. Usugu ulionekana kaskazini mwa nchi hii. Kipimo chake lazima kiwe kaskazini mwa nchi hii, na inkubeta yake iwe na betri ya kutosha saa 12, si dakika 20.

Kusafirisha nako kuna hasara zake. Barafu kavu hupungua kilo 2 hadi 5 kwa siku kulingana na unene wa boksi. Boksi la kilo 10 likifika Entebbe Ijumaa jioni likiwa na vimeng'enya, na karatasi zikashughulikiwa Jumanne, tunachopokea ni maji vuguvugu yenye lebo ya bei kubwa. Wekeni jokofu la forodha la nyuzi 20 chini ya sifuri pale uwanjani, na kibali cha vitendanishi kitolewe kabla ndege haijaondoka ilikotoka. Kuhusu nitrojeni kimiminika, tayari inazalishwa nchini kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za ng'ombe. Maabara zingeweza kuunganishwa kwenye njia hiyohiyo ya usambazaji. Kitu kimoja tu kizingatiwe: lita 1 ikigeuka gesi hujaza karibu lita 700, inaifukuza oksijeni, na haina harufu. Chumba cha mitungi hiyo kiwe na kipimo cha oksijeni ukutani na mlango unaofunguka kwa nje.

Turudi Karamoja, maana huko kinachopotea hakinunuliki tena kwa bajeti yoyote. Marumaru na mawe ya chokaa yanachimbwa wilayani Moroto, na malori yanashuka nayo kila siku. Leseni ya uchimbaji isitolewe karibu na tabaka zenye visukuku kabla mtaalamu wa visukuku hajatembea eneo hilo kwa miguu, na ripoti yake iwe sehemu ya tathmini ya mazingira. Madereva na wachimbaji wafundishwe kwa nusu siku tu: mfupa uliogeuka jiwe unafananaje, usiguswe, nani apigiwe simu. Mchungaji anayeonyesha mahali alipwe siku zake za kazi na jina lake liandikwe kwenye daftari la makumbusho akikubali. Asilipwe kwa kila kisukuku. Mkianza kununua mifupa, itang'olewa usiku na kuletwa kwenye mfuko wa plastiki, na mfupa usiojulikana ulikotoka, tabaka gani, upande gani wa korongo, hauna thamani kwa mtu anayetafuta umri.

Kuutoa mfupa ardhini hakuhitaji mashine, kunahitaji subira na vifaa sahihi. Unachimba pembeni mpaka mfupa ubaki juu ya shina la udongo kama uyoga. Unaufunika karatasi laini iliyoloweshwa, tabaka mbili au tatu, ndipo unaweka vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta ya hospitali, tabaka tatu au nne. Ukisahau karatasi, plasta hushika mfupa na kuutoa ngozi siku ya kuufungua. Mfupa unaobomoka unapewa Paraloid B-72, gundi ya plastiki ya makumbusho, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, asilimia 5 hadi 10 ili inywewe ndani, na nzito zaidi kwa kuunganisha vipande. Inaondoka tena kwa asetoni, ndiyo sababu yake. Gundi ya mbao na gundi kali ya dukani zisiruhusiwe kabisa: zinageuka njano, zinabana, na kaboni iliyomo ndani yake inaweza kuvuruga kipimo cha isotopu, yaani cha aina za kaboni zenye uzito tofauti.

Ghalani, makabati ya mbao za kubandika hutoa mvuke wa asidi unaokula chokaa. Tumieni ya chuma kilichopakwa rangi ya unga. Unyevu wa hewa usipite asilimia 55, na mifupa yenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, ikae pakavu zaidi, kwa sababu juu ya asilimia 60 huanza kuoza na kupasuka yenyewe. Kuchukua unga wa jino kwa kipimo kunaharibu jino, hata kama ni miligramu chache. Kwa hiyo kila ruhusa ya kukwangua ianze na picha kamili ya jino lenyewe, na nakala ya picha na ya matokeo ibaki Makumbusho ya Taifa Kampala, si kwenye kompyuta ya mgeni peke yake.

Njia ya kulipia yote haya ipo. Ada za kupima sampuli zinazokusanywa na taasisi za umma huingia Mfuko Mkuu wa Serikali na kurudi, zikirudi, kupitia bajeti ya mwaka mwingine. Mheshimiwa Waziri wa Fedha, ruhusuni ada za mashine zibaki kwenye akaunti ya mashine husika, zikaguliwe kila robo mwaka, na zisitumike kwa kitu kingine hata semina. Pili, vipuri na vitendanishi vinunuliwe kwa mkataba wa bei wa miaka 3, fundi akiagiza anachohitaji bila kuanza zabuni upya kwa kila tyubu. Tatu, kabla ya kununua chochote, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia lifanye orodha ya mashine zote za utafiti nchini zenye thamani ya zaidi ya dola 20,000: iko wapi, inafanya kazi au haifanyi, imekufa kwa sababu gani, kipuri gani kinakosekana. Tunaamini nyingi zitafufuka kwa chini ya sehemu ya kumi ya bei ya mpya.

Rasimu ya mfumo wa bajeti hufika Bungeni ifikapo tarehe 31 Desemba. Orodha hiyo inaweza kukamilika kabla ya hapo ikianza sasa. Sisi wenyewe tuko tayari kuzunguka maabara, makumbusho na hospitali, na kujaza fomu za orodha bila malipo. Tunachohitaji kutoka kwenu ni barua ya kuturuhusu kufungua milango.

Wenu katika kazi,

Watafiti wa tiba, wa sayansi ya vifaa na wa visukuku, pamoja na mafundi wa maabara na watunza makumbusho wa Kampala, Entebbe, Mbale, Gulu na Moroto.